Nyoka wa Dobi

Mume wangu ni dobi, na nyumba ya dobi haina siku ya mapumziko. Watu wakienda kazini wanataka nguo, wakioa wanataka nguo, wakizika wanataka nguo. Mimi nafua, naanika na kuchemsha wanga. Yeye anapiga pasi. Wateja wanamwita Mzee Pasi. Mimi hawajanipa jina lolote, nadhani kwa sababu hawajawahi kuniona nimetulia kiasi cha kunitazama vizuri.

Nasema haya mapema ili ukisikia habari za nyoka usidhani kwetu ni kwa waganga. Kwetu ni kwa watu waliochoka, basi.

Nyumba yenyewe ni ndogo. Mbele kuna chumba cha pasi, chenye dirisha la kuelekea mtaani, jingine dogo la pembeni la kuchungulia bustanini, na meza iliyofunikwa blanketi kuukuu. Katikati tunalala. Nyuma kuna bustani, kama kweli ni bustani: matuta yangu ya mboga, mlimao mmoja, kamba za kuanikia, na ukuta wa mawe uliobomoka ambao mume wangu ameahidi kuujenga tangu binti yetu akiwa anatambaa. Karibu na ukuta ni mafiga ninapochemshia wanga, na pembeni ya mafiga kuna kipande cha bati kimelala chini. Chini ya bati hilo mchana analala nyoka. Ni wa rangi ya kahawia, hana sumu, na kazi yake ni panya.

Kama hujawahi kuishi na dobi, hujui panya ni nini. Kola iliyotiwa wanga panya anaiona kama wewe unavyoona mkate. Zamani, kabla ya nyoka, bwana harusi mmoja alikuja kuchukua shati lake asubuhi ya siku yenyewe, akakuta kola imeliwa upande mzima. Alioa akiwa amevaa shati la mume wangu, na hadi leo hajalirudisha. Tukatega sumu. Panya walikula vizuri, wakapanda darini kufia huko, na harufu ikaingia kwenye nguo. Wateja wakawa wananusa mikono ya mashati yao mbele yetu bila hata haya. Tukaleta paka. Paka akaona suti nyeusi iliyotoka kwenye pasi ndicho kitanda alichokuwa akikiota maisha yake yote. Nilikaa siku nzima nikiokota manyoya kwenye koti la hakimu. Paka tukamgawa.

Nyoka alikuja mwenyewe, hakuitwa na mtu. Nilimkuta nyuma ya gunia la mkaa, nikapiga kelele mpaka mume wangu akatoka na pasi yake ya moto mkononi. Ilikuwa bahati kwamba siku hiyo mtu wa wanyamapori alikuwa nyumba ya jirani, amekuja kuondoa swila aliyeingia kwenye banda la kuku. Mume wangu akamwomba apite kwetu. Yule bwana akainama, akamtazama nyoka kwa umbali wa kutosha, akasema, "Huyu hana sumu. Akibanwa anaweza kuuma, kama mtu yeyote, lakini hadhuru. Anakula panya. Mwacheni." Akasema kwa sauti ya mtu anayekwambia maji yamerudi bombani, akabeba kisanduku chake chenye swila, akaenda zake.

Mume wangu akamwacha. Sikuulizwa.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba nimeolewa na mwalimu. Kila siku somo. Alikuwa ananiambia kwamba kosa la watu ni kuangalia rangi. "Wewe mke wa dobi," alisema, "nikikupa lundo la mashati meupe, utamjua mwenyewe kwa rangi? Yote meupe. Unatazama kola, unatazama mshono, unatazama kifungo kilichobadilishwa. Na nyoka ni hivyohivyo. Rangi iwe ya mwisho."

Basi nikafundishwa uso wa nyoka wetu kama ninavyojua kola za wateja. Ana mistari miwili hafifu kila upande, kama chaki iliyofutwa vibaya, mmoja unapita juu ya jicho na mwingine chini yake. Kichwa ni kidogo, hakikupanuka. Jua likimpiga anang'aa kama aliyepakwa mafuta. Na yupo mwenzake wa mlimaoni, wa kijani, mwembamba kama kidole, mwenye jicho kubwa la mviringo na madoadoa meusi kuanzia shingoni. Huyo anakula mijusi. Koboko wa kijani, mume wangu alisema, ni mkubwa, kichwa kirefu, na kijani chake ni kitupu, hakina doa.

"Na nisiyemjua?" nikamuuliza.

"Usiyemjua usimsogelee. Rudi nyuma, funga mlango, niite mimi, na mimi nikishindwa tutamwita anayejua. Mimi shati nisilolijua silitii pasi ya moto."

Maneno mazuri, lakini maneno hayaondoi woga. Mimi niliogopa. Niliogopa kwa bidii, kama kazi ya pili. Nilikuwa nagonga karai kabla ya kutoka nje. Nilikuwa nachemsha wanga huku jicho moja liko kwenye bati. Siku moja naanua nguo, nikanyoosha mkono kuchukua tai ya kijani ya mwalimu mmoja, tai ikageuza kichwa ikanitazama. Nilianguka ndani ya karai la maji ya sabuni. Mume wangu alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akasema, "Yule mwalimu hana tai ya kijani. Ungejua nguo za wateja wako usingelowa." Wanasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, mimi sikuumwa hata mara moja, na kwa muda mrefu nilikuwa nashtushwa na mikanda.

Halafu woga ukaisha. Watu wakiniuliza nilishindaje woga wanataka niwaambie habari ya ushujaa. Sikushinda kitu. Nilichoka. Kuogopa kunataka nguvu, na nguvu zangu zilikuwa zinaishia kwenye mashuka ya nyumba ya wageni. Asubuhi moja nilimwona nyoka akirudi chini ya bati lake, taratibu, amevimba katikati kwa mlo aliokula, na kitu pekee nilichofikiri ni kwamba huyu naye ametoka zamu.

Kwa hiyo tukaishi hivyo. Aliyeshindwa ni binti yetu.

Binti yetu ni mmoja tu. Aliondoka nyumbani akiwa msichana, akaolewa mji mwingine na muuza vipuri, kijana mwenye adabu na sauti kubwa. Kila alipokuja kututembelea alikaa chumba cha pasi, miguu juu ya kiti, akanywa chai, akatazama saa. Hakulala kwetu. Nilimwelewa, na niliumia vilevile. Kuna mama wanaonyang'anywa watoto na ulevi au na masafa. Mimi wangu alikuwa ananyang'anywa na kitu kilichokuwa kimelala chini ya bati.

Mwaka huu akajifungua kwa upasuaji. Kidonda kikaingia usaha. Mumewe ni mtu wa safari, na kwa mama mkwe nyumba imejaa watu. Mzazi akifika pale anakabidhiwa mwiko kabla hajakabidhiwa kiti. Basi mumewe akamleta kwetu, na kitoto cha kike kimefungwa blanketi, akasema atarudi Jumamosi ya wiki ya pili kuangalia hali. Nilimpokea mjukuu wangu nikahisi mikono yangu, hii iliyochubuliwa na sabuni, imeandaliwa jambo moja tu maisha yote.

Sitasema kazi haikuongezeka. Niliamka kabla ya jogoo, nikamsafisha binti kidonda, nikafua nepi, nikafua nguo za watu, nikachemsha wanga, nikapika, nikamwogesha mtoto, nikarudi kwenye nepi. Mgongo ulikuwa unaniita kwa majina yote. Lakini ilikuwa kazi yangu, na nilitaka iendelee mpaka kidonda kifunge na zaidi.

Asubuhi moja binti akatoka nje kuota jua. Nyoka alikuwa amechelewa kurudi. Wakaonana.

Sitaki kurudia makelele yale. Nilifika nikamkuta amejibana kwenye fremu ya mlango, mkono mmoja umeshika kidonda. Uso ulikuwa wa yule mtoto wangu wa zamani kabisa.

"Mama, bado yupo!"

"Yupo. Hana neno, mwanangu."

"Nina mtoto mchanga humu ndani!"

Jioni ile baba yake alijaribu. Akaacha pasi, akaketi mbele ya binti na mashati mawili meupe mapajani, akaanza somo la kola na mshono, la mistari kama chaki na kichwa kidogo. Binti akamsikiliza hadi katikati. "Baba," akasema, "mimi si mteja, na yule si shati. Mume wangu akija Jumamosi akute ameuawa. La sivyo naondoka naye, naenda kwa mama mkwe." Kisha akageukia ukutani kumnyonyesha mtoto, mabega yakitetemeka.

Nilimfuata mume wangu chumba cha pasi. Alikuwa anapuliza mkaa ambao haukuhitaji kupulizwa.

"Umesikia," nikasema.

"Nimesikia."

"Kwa hiyo?"

"Nikimwua, panya watarudi. Safari hii hawatakuja kwa kola tu. Mtoto ananuka maziwa."

"Mwambie hivyo."

"Nimwambie mzazi mwenye kidonda kwamba panya watamng'ata mwanawe? Mwambie wewe."

"Wewe ndiye mwalimu."

Tukatupiana neno lile kama watu wanaotupiana kiazi cha moto, mwisho likaanguka chini, tukaenda kulala. Nilimkasirikia. Anawajua nyoka kwa nyuso, nikawaza, na mwanawe amelia mbele yake na yeye anapuliza mkaa. Ila nilijua pia kwamba anayosema ni kweli, na hakuna kinachochosha kama kumkasirikia mtu mwenye haki.

Ijumaa mume wangu alitoka kupeleka nguo. Binti na mtoto walikuwa wamelala. Nikachukua jembe.

Wanasema mchelea mwana kulia hulia yeye. Sawa, nikajiambia, nitalia mimi, nimezoea. Bora nikose kola zote za mji huu kuliko kumwona binti akipanda gari kwenda kukabidhiwa mwiko na kidonda chake. Nilishafikiri hata uongo nitakaomwambia mume wangu: kwamba jirani alimwona, akamwua kabla sijafika.

Nikaliinua bati kwa ncha ya jembe.

Alikuwa pale, amejikunja. Mwanga ulimkuta ghafla. Hakukimbia, hakuinua kichwa kunitisha. Alijikaza akawa mdogo zaidi, kisha akakiingiza kichwa chini ya mwili wake mwenyewe, mistari ile ya uso ikapotea, akabaki hivyo. Kama asiponiona, basi mimi sipo.

Ningependa kusema niliona huruma, ningeonekana mtu mwema. Ukweli ni kwamba mikono haikupanda. Niliiagiza, ikakataa. Najua mwenyewe kulala hivyo, shuka limevutwa hadi kichwani, nikisikia mteja anagonga mlango na nikimwomba Mungu aende tu. Jembe likawa zito kama gunia la nguo mbichi. Nikaliweka chini. Nikageuza karai, nikakaa juu yake, na kilio ambacho nilikuwa sina nafasi nacho tangu sijui lini kikanitoka chote pale, mbele ya nyoka.

Sikusikia mlango. Nilisikia tu, "Mama?"

Binti alikuwa amesimama kizingitini, mtoto begani. Aliangalia jembe. Aliangalia bati lililoinuka. Kisha akanitazama mimi, na sidhani kama aliwahi kuniona nimekaa mchana.

"Amekuuma?"

"Hajaniuma."

"Sasa unalia nini?"

"Nimechoka," nikasema. "Nimechoka, mwanangu. Nilimwogopa huyu nikachoka, nikaacha. Sasa nimeambiwa nimwue, na huko pia nimechoka. Wewe ukiondoka mimi nitakufa kwa majonzi, lakini jembe haliinuki. Hilo hapo. Chukua umwue mwenyewe, au nenda, au kaa. Mimi siwezi tena kuwa katikati."

Sijawahi kusema na mwanangu hivyo. Nilidhani atarudi ndani afungashe. Badala yake alinyoosha shingo kutazama chini ya bati, huku mtoto akimnyonya shingo hiyo kwa njaa.

"Mbona hana kichwa?" akauliza mwishowe.

"Amekificha."

"Kwa nini?"

"Anaogopa."

"Anakuogopa wewe?"

"Mimi ameshanizoea. Anaogopa kelele zako za juzi."

Akacheka kidogo, akashika kidonda kwa maumivu ya kucheka. Hakuja karibu, lakini hakurudi ndani. Alisimama palepale kizingitini mpaka nyoka, alipoona dunia imetulia, akatoa kichwa polepole, ulimi ukaonja hewa, akateleza kuelekea kwenye mawe ya ukuta. Nilimwona binti akimfuata kwa macho. Anamtazama usoni, nikagundua. Anatafuta mistari.

"Kama chaki," akasema kwa sauti ya chini, akaingia ndani kunyonyesha. Hakusema anakaa, hakusema anaondoka. Nililiweka bati mahali pake nikarudi kwenye wanga, kwa sababu wanga haungoji.

Jumamosi mkwe akaja. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, habari za mzazi, njema. Ni kijana asiyeweza kukaa bure. Akaona mimi mama mkwe wake nabeba karai zito, akanipokonya. Akaona mafiga yamekaa upande, akaenda kuyanyoosha. Bati likawa linamzuia, akalivuta.

"Nyoka!" Sauti ile ilisikika mpaka barabarani. Alikwisha kulishika jembe, amelipandisha juu ya kichwa. Na mimi nilikuwa nimesimama na kopo la wanga mkononi, mdomo umefunga. Mkwe hakemewi. Anaua nyoka kwa ajili ya mkewe na mwanawe, ndani ya bustani yangu, na ilinipasa nimshukuru. Kwenye dirisha la pembeni niliona mume wangu ameinua pasi na hajui aiweke wapi.

"Shusha jembe."

Binti alikuwa mlangoni. Amejibana kwenye fremu kama siku ile, uso umepauka, kijasho juu ya mdomo. Amemkumbatia mtoto kwa mikono yote miwili.

"Humwoni? Yuko hapa!"

"Namwona. Rudi nyuma hatua moja. Mtazame usoni. Ana mistari miwili huku na miwili huku?"

Mkwe akapepesa macho. "Ana... ndiyo, ana."

"Kichwa kidogo?"

"Kidogo."

"Basi ni wa nyumbani. Hana sumu, anakula panya." Sauti ilikuwa inatetemeka kila neno, lakini maneno yalikuwa ya baba yake, hakubadilisha hata moja. "Mrudishie bati lake. Taratibu. Na ukimaliza unawe mikono."

Mkwe akalirudisha bati kama anayefunika mtoto aliyelala. Dirishani mume wangu aliinama, akaanza kupiga pasi mkono wa shati uliokwisha kunyooka.

"Sasa," mkwe akauliza akitafuta pumzi, "tunaondoka leo au vipi?"

"Mwambie mama yako kidonda hakijafunga. Nitakaa mpaka kifunge." Kisha akanigeukia. "Mama, lete hilo kopo. Nenda ukalale."

"Nilale? Jua lote hili? Kuna mashuka hayajaanikwa."

"Yataanikwa."

"Na nani? Wewe hupaswi kunyoosha mikono."

"Mama. Nina mume hapa mwenye mikono miwili na hana kazi. Nitakaa kwenye kiti nimwelekeze. Nenda."

Nilitafuta sababu ya kukataa, nikaikosa. Nikaingia chumba cha kati, nikajilaza juu ya kitanda mchana kweupe, na nguo zangu, kama mgonjwa. Mtoto aliletwa akalazwa pembeni yangu, ananuka maziwa. Kupitia dirisha nilikuwa nasikia yote: maji yanamwagwa, mkwe anauliza kama kamba ile haina mwingine juu yake, binti anamjibu aangalie kila tai kabla hajaishika, pasi ya mume wangu inagonga meza kule mbele.

Halafu, kupitia dirisha hilohilo, nikaona mkwe anabana mashati kwenye kola. Shati halibanwi kwenye kola, kibanio kinaacha alama, na pasi inaitoa kwa shida. Ilibidi niinuke nimwambie. Nikawaza, nitainuka sasa hivi.

Nilipoamka jua lilikuwa limezama, na mashati yote yalikuwa yamekunjwa mezani, kila kola ina alama mbili ndogo. Mume wangu alikuwa anazitazama. "Usiseme neno," akaniambia. "Nitazipiga pasi upya."